Ndege Yangu Imefungiwa Stoo ya Shule

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi simu na redio hapa Nyakato, Mwanza. Nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi, na kila ninayemweleza ananiambia mtu mzima nalilia toi.

Tangu utotoni napenda ndege. Zilikuwa zikipita kuelekea uwanjani, mimi nabaki nimeinua shingo mpaka wenzangu wanamaliza ugali. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kuziunda mwenyewe, zile za kuongozwa kwa rimoti. Mabawa nayatoa kwenye maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya sangara. Nayakata kwa waya uliopashwa moto, naunganisha kwa gundi, na katikati napitisha ufito wa mwanzi ili bawa lisijikunje likiwa hewani. Mota, rimoti na betri niliagiza kidogo kidogo kupitia jamaa yangu wa Kariakoo. Hii niliyonayo sasa ina mita moja na sentimita 20 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, na uzito wake ni gramu 900 pamoja na betri.

Shida ya Mwanza ni mahali pa kurushia. Ukigeuka huku mawe, huku nyumba, huku nyaya za umeme. Karibu na kwangu sehemu pekee iliyo wazi ni uwanja wa shule ya msingi ya serikali. Mwalimu mkuu aliyekuwepo nilimtengenezea simu, nikamwomba, akasema, "Njoo tu fundi, watoto wajifunze." Basi karibu mwaka mzima nikawa naenda Jumatano na Jumamosi jioni. Watoto walikuwa wanajaa hadi wengine wanapanda mwembe.

Yule mwalimu akahamishwa, akaja mama mmoja mkali. Mimi nikaendelea kama kawaida. Jumatano moja, kama saa kumi na moja na nusu, ndege ikiwa upande wa magharibi, jua likanipiga machoni. Sikujua tena kama inakuja au inakwenda. Nikaikunja kushoto, kumbe ndiyo naileta kwa watoto. Bawa la kulia lilikatika pale pale linapoungana na kiwiliwili, mkia ukachanika, sevo moja, kile kimota kidogo cha kugeuzia ndege, iking'oka na waya zake. Lile bawa nilikesha nalo wiki mbili, Shangazi. Kuna mtoto wa darasa la pili propela ilimpata mkononi akashonwa nyuzi tatu, ila nasikia anaendelea vizuri.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini, hakutaka hata kunisikiliza. Mbele ya watoto wote akaniambia nisikanyage tena pale, akaichukua ndege akaifungia stoo hivyo hivyo na betri yake ndani. Sasa ni wiki ya pili. Nimekwenda mara mbili, nimeishia getini.

Ule si uwanja wa umma? Shule ni ya serikali, na sisi wananchi tulichangia hadi matofali ya darasa jipya. Mlinzi ameniambia nimpe elfu tano atanifungulia Jumapili asubuhi, na ufunguo wa stoo anao. Rafiki yangu anasema niende kwa diwani. Mke wangu anasema niachane na ndege kabisa. Na watoto kila siku wanapita kibandani kwangu: "Fundi, ndege lini?" Nifanye nini?

Fundi wa Nyakato

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya diwani na mlinzi, kuna jambo la kufanya leo hii, na ni ile betri. Mimi si mtaalamu wa umeme, kwa hiyo barua yako nilimsomea mpwa wangu ambaye kazi yake ni kama yako, na yeye pia amewahi kurusha ndege hizi. Nilipofika kwenye "na betri yake ndani" alinikatiza. Betri hizo nyepesi za lithiamu ndani zina karatasi nyembamba mno inayotenganisha pande mbili. Betri ikigongwa kwa nguvu karatasi hiyo inaweza kuchanika, betri ikavimba na kuwaka, na si lazima iwake saa ile ile ya ajali. Akasema pia kwamba kama waya wake bado umechomekwa, kipokezi cha redio kimekuwa kikiinyonya siku zote hizi. Seli ikishuka chini ya volti 3 huwa imeharibika, na kuichaji tena ni kujitafutia moto.

Wewe haya unayajua kuliko mimi. Sasa fikiria stoo ya shule ya msingi ilivyo: vitabu, karatasi za mitihani, mikeka, magunia ya unga wa uji. Mtumie mwalimu mkuu ujumbe leo, kupitia mwalimu yeyote unayemfahamu au mwenyekiti wa mtaa. Mwambie betri itolewe nje, iwekwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na jengo, na kwamba uko tayari kuja kuitoa mwenyewe akiwepo mtu wa kukusimamia. Kwenye ujumbe huo ndege usiiombe. Ukiiomba, ataona habari ya moto ni ujanja wa kufunguliwa mlango.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Nimeisoma mara tatu. Bawa umenieleza lilikatikia wapi, na sevo iliyong'oka na waya zake, na usiku uliokesha. Mtoto amepata sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo kuna neno "nasikia". Umesikia kwa nani? Sijui hata kama ni wa kike au wa kiume, maana hukuandika. Wiki mbili zimepita, umekwenda getini mara mbili kuulizia ndege. Nyumbani kwa mtoto hukwenda hata mara moja.

Sidhani kama una roho mbaya. Mtu anayewaita watoto wa jirani waje waone ndege inavyoruka hana roho mbaya. Nadhani unaogopa, na hofu imekufanya ukimbilie kwenye jambo lisilokuuma sana, yaani haki yako juu ya uwanja. Lakini mwanangu, mtoto wa miaka saba au minane ameshonwa nyuzi tatu kwa kitu ulichokishika wewe, na mama yake mpaka leo hajauona uso wako. Jiulize nyumbani kwao unaitwa nani.

Nenda Jumamosi asubuhi, kabla mama hajatoka kwenda sokoni. Nenda na mkeo. Kama kuna mzee wa mtaa anayekufahamu, mwombe akusindikize, maana nyumba yenye hasira humpokea mzee hata kama haitaki kukupokea wewe. Mwangaluka yako, salamu ile ya asubuhi ya Kisukuma, iwe ya mtu aliyekuja kuomba radhi. Omba kuuona mkono. Utazame kweli, uone nyuzi zilipopita. Uliza matibabu yaligharimu kiasi gani, kusafisha kidonda, dawa, nauli ya bajaji, mtoto alikosa shule siku ngapi. Kisha lipa, hata kama ni kwa mafungu. Habari ya jua kukupiga machoni usiianze. Wakiuliza ilikuwaje, wajibu kwa ufupi. Na mtoto mwenyewe umwombe radhi kwa mdomo wako, umwite kwa jina lake. Watoto hukumbuka nani aliinama kuzungumza nao.

Nakuambia hivi kwa sababu nimefundisha shule za msingi za kandokando ya ziwa hili miaka 27. Mwaka mmoja, kwenye shule niliyokuwa, kijana mmoja alizoea kuja uwanjani jioni kumfundisha mdogo wake pikipiki. Mwalimu mkuu alikuwa anamfahamu, sote tulikuwa tunamfahamu. Siku pikipiki ilipomshinda yule mdogo mtu, ikamvunja mguu mtoto wa darasa la nne, kijana hakuulizwa na mtu. Aliyeulizwa ni mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Baba wa mtoto alisimama mlangoni mwa ofisi akasema, "Nilikukabidhi mtoto wangu." Sikuwa na barua, sikuwa na kibali, sikuwa na chochote cha kumwonyesha. Nilikuwa na maneno tu, kwamba tulimzoea. Sauti ya yule baba bado ninayo.

Kwa hiyo mwalimu mkuu wako ninamwelewa kabisa. Kukufokea mbele ya watoto hakufanya vizuri, angekuita ofisini. Lakini kukuzuia alikuzuia kwa haki. Alikuta mtu mzima asiye mwalimu wala mzazi akirusha chombo juu ya vichwa vya wanafunzi wake, na kwenye faili la ofisi hakuna karatasi hata moja inayosema huyu ni nani. Ruhusa uliyokuwa nayo ilikuwa ya mdomo, nayo ilihama pamoja na mwenye mdomo. Siku ile alipoingia ofisini ndipo ungekwenda kujitambulisha.

Uwanja wa umma maana yake si shamba la bibi. Ni mali yetu sote, na kwa sababu hiyo hiyo kuna waliokabidhiwa kuutunza: mwalimu mkuu, nyuma yake kamati ya shule ambamo wazazi wamo, juu yao Afisa Elimu Kata, mpaka kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Matofali mliyochanga yalikuwa ya darasa. Hayakumnunulia mchangiaji yeyote siku yake ya uwanja.

Mlinzi usimpe hata mia. Jumapili hiyo utaingia stoo ya serikali kwa ufunguo wa rushwa, na likipotea jembe moja tu mwezi huo, aliyeingia ni wewe. Yeye atafukuzwa kazi, wewe utaitwa mwizi wa kitu chako mwenyewe. Diwani naye mwache kwanza. Ukimrukia mama huyu kichwani akalazimishwa kukufungulia, atakufungulia mwezi mmoja, na baada ya hapo kila mtoto akijikwaa uwanjani itakuwa ndege yako.

Sasa kuhusu kurusha kwenyewe, na hapa nataka unisikilize kama fundi. Mpwa wangu alichukua kalamu. Ndege ya gramu 900 ikienda kilomita 54 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa ndege ya namna hiyo, inakuja na nguvu sawa na kuiangusha kutoka urefu wa zaidi ya mita 11. Hata kama mwili wake ni wa boksi la samaki, betri na mota mbele ni vigumu, na propela inazunguka mara maelfu kwa dakika. Chombo chenye uwezo huo kukiita toi ni kosa, na naona neno hilo limekuumiza wewe mwenyewe. Basi usikitumie kama toi.

Halafu akaniuliza swali nililolipenda: kwa nini propela ilikuwa bado inazunguka? Ndege ikikuelekea, kushoto kwa rimoti ni kulia kwa macho yako, kila anayerusha amewahi kukosea hapo. Jua nalo hupofusha. Lakini mtu akishapoteza mwelekeo, kidole cha kwanza kinakwenda kwenye mota, inakatwa, ndege inaanguka inapoanguka, inavunjika inavyovunjika. Wewe uliendelea kuikunja kwa sababu ulitaka kuiokoa. Propela iliyosimama isingemkata mtoto yule. Jifunze kukata mota mpaka kidole kifanye chenyewe, hata kama bawa ulilikesha mwezi mzima.

Na pale uwanjani hapakuwa na mstari. Watoto walikuwa pande zote, wengine juu ya mwembe. Anayerusha huchora mstari wa chokaa, ndege inaruka mbele yake tu, na watazamaji wote wanakaa nyuma ya mgongo wa mrushaji, hakuna anayevuka mpaka propela isimame. Huwezi kutazama angani na kutazama watoto kwa macho mawili hayo hayo, kwa hiyo unahitaji mtu mzima wa pili ambaye kazi yake ni uwanja, haangalii ndege kabisa. Jioni unasimama jua likiwa mgongoni kwako. Asubuhi mapema ni bora zaidi, upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuja nchi kavu.

Nami naongeza moja ambalo mpwa wangu alilitaja kwa haraka, lakini mimi naliona kubwa. Hata mwalimu akikubali, anga si lake. Mwanza ina uwanja wa ndege za abiria, zile zile ulizokuwa ukiziinulia shingo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina kanuni za mwaka 2018 za ndege zinazoongozwa kutoka mbali, na watu wake wapo pale uwanja wa ndege. Nenda ukaulize, ukiwa na vipimo vya ndege yako: uzito, upana, inafika juu kiasi gani, unarushia wapi. Usijiamulie mwenyewe kwamba yako ni ndogo haiwahusu. Marekani, kwa mfano, ndege ya kujifurahisha ikizidi gramu 250 husajiliwa na namba ikaandikwa kwenye mwili wake, na yako ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Hata kabla ya kuambiwa na yeyote, andika jina lako na simu yako kwenye bawa kwa kalamu nene.

Baada ya mtoto, na baada ya betri, ndipo uandike barua kwa mwalimu mkuu. Ukurasa mmoja, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Sema ulichofanya bila ruhusa yake, sema umeshafika kwa wazazi na mmekubaliana nini. Uwanja wake usiombe kurushia. Omba kitu kidogo zaidi: saa moja kwa wiki, darasani, mwalimu akiwepo, kuwafundisha watoto kuunda ndege isiyo na mota, ya kurusha kwa mkono. Vipande vya boksi la samaki vinatosha, na sarafu ya shilingi 200 ya kubandika puani. Mtoto akiirusha bila sarafu, inainua pua, inasimama hewani kidogo, kisha inaanguka kwa mkia. Akibandika sarafu, inateleza hadi mwisho wa darasa. Hapo amekiona kitovu cha uzito kwa macho yake, na mwalimu wa sayansi atakushukuru.

Wasimulie pia kwamba mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilikuwa ikijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kutoka nchi kavu kwa dakika kama 40, safari ambayo kwa barabara na kivuko wanaijua ilivyo ndefu. Nimekaa visiwani, nimeona mgonjwa akisubiri boti. Kwa hiyo ninaposema usiache ndege, ninasema kwa moyo. Watoto wa ziwa hili wanahitaji mtu wa kuwaonyesha kwamba kitu kinachoruka kinaweza kuundwa Nyakato.

Ile yenye mota itafutie mahali pengine, kama TCAA watakukubalia. Mpunga ukishavunwa, majaruba ya upande wa Kisesa na Magu hukauka yakawa wazi kabisa, na mwenye shamba ukimwendea kwa adabu hatakukatalia asubuhi moja. Ila huko nako kuna vijana wachunga ng'ombe, na mstari wa chokaa uende nao.

Mkeo anayesema uache hukuniambia sababu yake. Muulize. Huenda tangu Jumatano ile anasubiri polisi wabishe hodi, na wewe uko mezani unaulizia bei ya gundi. Ukienda naye kwa mama wa mtoto, nadhani mengi yatakwisha njiani.

Na watoto wakipita kibandani kuuliza ndege lini, waambie ukweli. "Nilimuumiza mwenzenu, namalizana kwanza na nyumbani kwao." Wataelewa, na wataipeleka habari hiyo kwa mama zao haraka kuliko redio zako.

Jumamosi ikipita niandikie. Nataka kujua mkono umeponaje, na kama anaweza kushika kalamu. Habari za bawa tutazungumza kwenye barua ya pili.

Shangazi